Amekosa Nini? Umbo la Kijiji katika Vipindi vya Maisha Halisi

Mwaka 2012 nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kwetu, kwenye vilima vya nje kidogo ya mji wa Tukuyu, televisheni ilikuwa kwa jirani mmoja tu, na siku za Maisha Plus sebule yake ilikuwa inajaa mpaka watoto tunakalia miguu ya wakubwa. Kwenye kioo vijana walikuwa wanaishi kijijini: wanachota maji, wanapika kwa kuni, wanalima. Kijana mmoja akanyanyua jembe. Mama mmoja akasema, "Huyo analima au anapigwa picha?" Sebule nzima ikaangua kicheko, maana karibu wote pale walikuwa wametoka shambani jioni ile ile.

Baadaye ikafika zamu ya kutoa mtu. Binti mmoja akafunga mzigo wake, akawakumbatia wenzake, akalia. Bibi yangu, ambaye muda wote alikuwa kimya, amejifunika kanga mbili kwa ajili ya baridi, akauliza: "Sasa huyu amekosa nini?" Tukamweleza: hajakosa kitu Bibi, kura zake hazikutosha. Akafikiri kidogo, halafu akauliza tena: "Kama hajakosa, mbona wanamfukuza?" Watu wakacheka kuliko walivyocheka lile jembe. Mimi pia nilicheka. Bibi mzee, tulisema, haelewi mambo ya televisheni.

Makala haya ni jibu lililochelewa. Nitajaribu kuonyesha kwamba Bibi alielewa vizuri sana, na kwamba swali lake lilikuwa swali la mhakiki: alikuwa anahoji umbo la kipindi. Nitapitia mifano miwili, Big Brother Africa na Maisha Plus, nione umbo la kila kimoja lilivyobadilika mwaka hadi mwaka, kisha nitayapima mabadiliko hayo kwa umbo la tatu ambalo lilikuwapo Rungwe zamani kabla ya televisheni yoyote.

Kwanza tuelewane juu ya istilahi

Wapo watakaosema kipindi cha televisheni si fasihi, kwa hiyo hakituhusu. Kwa hao namtaja Mulokozi, ambaye katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, iliyotoka katika Mulika, alitufundisha kuitazama fasihi simulizi kama tukio. Tukio hilo lina fanani, lina hadhira, lina fani inayotendwa, lina mahali na lina wakati. Ukikibadilisha kimojawapo, tukio zima linabadilika. Mtambaji akisimulia hadithi ile ile mbele ya watoto jikoni, na kesho yake mbele ya wazee msibani, hizo ni kazi mbili tofauti hata kama maneno ni yale yale.

Sasa kipindi cha maisha halisi kina nini zaidi ya hayo? Kina watu wanaotenda, kina wanaotazama, kina mahali palipozungushiwa mipaka, kina wakati uliohesabiwa. Hakina mswada, lakini kina kanuni, na kanuni ndizo zinazofanya kazi ya mtunzi. Kwa hiyo ninaposema "umbo" nina maana ya zile kanuni: nani anaingia, anaishi na nani, kwa muda gani, anatoka vipi, nani anaamua.

Nyumba ya Johannesburg

Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka 1999. Jina lake limetoka katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, ambamo Kaka Mkubwa ni jicho la dola linalomwona kila raia. Katika kipindi jicho hilo akapewa mtazamaji, na watu wakalipia kulitumia.

Toleo la Afrika lilianza mwaka 2003 katika nyumba moja mjini Johannesburg. Umbo lake la kwanza lilikuwa jepesi kulieleza: watu 12 kutoka nchi 12, nyumba moja, siku 106, zawadi ya dola 100,000 kwa atakayebaki mwisho. Tanzania iliwakilishwa na Mwisho Mwampamba, Uganda na Gaetano Kagwa, Zambia na Cherise Makubale, ambaye ndiye aliyeshinda. Wakazi walitajana wenyewe kwa wenyewe, kisha hadhira ikaamua nani kati ya waliotajwa aondoke. Kura zilihesabiwa kwa nchi: nchi kubwa na nchi ndogo kila moja ilikuwa na sauti moja, kama kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika.

Mwanafunzi wa tamthilia hataacha kuona kwamba umbo hili lina mshikamano wa zamani kabisa: mahali pamoja, kundi moja, mgogoro mmoja. Wahusika wake walikuwa wahusika wawakilishi. Mwisho alipokuwa anacheka ilikuwa kama Tanzania inacheka. Lawama nazo zilikuja kwa umbo hilo hilo. Mwaka ule ule wa 2003 Bunge la Malawi lilitaka kipindi kisionyeshwe na televisheni ya taifa kwa sababu ya maadili, na mahakama ikalitengua jambo hilo. Bunge halishughuliki na mchezo ambao haugusi taifa.

Kisha umbo likaanza kubadilika. Mwaka 2007, Richard Bezuidenhout wa Tanzania aliposhinda, siku zilikuwa 98. Kuanzia 2008 zikawa 91. Mwaka 2009 zawadi ikapanda hadi dola 200,000. Mwaka 2010 waliitwa watu wa misimu iliyopita warudi, Mwisho akiwamo. Mwaka 2011 kundi likagawanywa katika nyumba mbili na wakapatikana washindi wawili, kila mmoja dola 200,000. Mwaka 2012 nyumba mbili tena, Upville na Downville, na zawadi dola 300,000 kwa mtu mmoja. Mwaka 2013 nyumba ziliitwa Ruby na Diamond. Mwaka 2014 nyumba iliungua kabla ya msimu kuanza, ikabidi ufunguzi usogezwe hadi Oktoba katika nyumba nyingine, na msimu ukachukua siku 63 tu. Mtanzania mwingine, Idris Sultan, akashinda dola 300,000. Huo ukawa mwisho wa nyumba ya bara zima. Mwaka 2017 Nigeria ilirudisha ya kwake, yenye wakazi wa Nigeria, na sisi huku tukabaki kuitazama kama mtu anayechungulia harusi ya jirani.

Ukiziweka tarakimu hizo pamoja utaona zinakwenda njia mbili zinazopishana. Siku zinapungua, kutoka 106 hadi 63. Fedha zinaongezeka, kutoka 100,000 hadi 300,000. Maana yake ni kwamba muda wa kuishi pamoja unafupishwa na thamani ya kumpita mwenzako inakuzwa. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa Mbeya mwaka 2003 na akawa anakitazama kwenye baa yenye dishi, ananiambia siku nyingi hakuna kilichotokea: watu wanapika, wanagombana kuhusu vyombo, wanalala. Lakini baa ilikuwa imejaa! Ule uchovu ndio uliokuwa maudhui. Unamjua mtu kwa kumwona anaosha chungu mara ya arobaini.

Watayarishaji hawakuuamini uchovu huo. Kila msimu walileta mtego mpya, nyumba mpya, jina jipya, na kila mtego ulimwondolea mhusika nafasi ya kuwa mtu. Mwaka 2010 ndio unaoonyesha jambo hili waziwazi. Mtu anayerudi ndani ya nyumba akiwa amekwisha kujua kamera iko wapi, na amekwisha kujua mtaani wanamwitaje, huyo haishi tena, anajiigiza. Fanani amegeuka kuwa nakala yake mwenyewe.

Badiliko moja tu nalisifu. Zamani hadhira ilipiga kura ya kumtoa mtu. Katika misimu ya baadaye ilipiga kura ya kumwokoa. Mtu anaweza kusema ni yale yale, kwani mwisho wa yote mmoja anaondoka. Hapana, kwa mhakiki si yale yale. Swali linaloulizwa hadhira limebadilika kutoka "nani simpendi?" kuwa "nani nampenda?" Hata hivyo, swali la Bibi bado linasimama pale pale: anayeondoka, amekosa nini?

Kijiji cha Maisha Plus

Mwaka 2009 Tanzania ilijibu kwa umbo lake. Maisha Plus, kipindi kilichoanzishwa na kundi la mchora katuni maarufu Masoud Kipanya na kuonyeshwa TBC1, kilichukua wazo la watu kuishi pamoja mbele ya kamera, kikabadilisha jambo moja kubwa: mahali. Badala ya nyumba yenye bwawa la kuogelea, kijiji. Badala ya uvivu, kazi. Kwa lugha ya Mulokozi, kubadili mahali kulibadilisha tukio zima. Katika nyumba ya Johannesburg mtu alikuwa akijulikana kwa maneno yake. Katika kijiji mtu alijulikana kwa kuni alizobeba.

Hili ni badiliko la kimaudhui, wala tusilidharau. Vijana waliozoea kusikia kwamba kijiji ni mahali pa kukimbia, walikiona kijiji kikiwa jukwaa la taifa. Lakini hapo hapo pana ila, na mama wa lile jembe aliiona kabla ya mhakiki yeyote. Katika msimu wa mwanzo kijiji kilikuwa mtihani wa kijana. Jembe lilikuwa kipimo cha uvumilivu wake, halikuwa chombo cha kuleta chakula. Kijiji bila wanakijiji! Mahali palikuwapo, wenye mahali hawakuwapo.

Halafu mwaka 2012 likaja badiliko ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ninayoyajadili hapa. Mwaka mmoja kabla, 2011, shirika la Oxfam lilikuwa limeanzisha shindano la wanawake wazalishaji, Mama Shujaa wa Chakula. Mwaka 2012 shindano hilo likaingizwa ndani ya kijiji cha Maisha Plus. Ghafla kwenye kioo wakatokea akina mama ambao hawakuhitaji kufundishwa kushika jembe. Aliyeshinda mwaka huo, Sista Martha Waziri, alijulikana kwa kulirudisha shambani eneo lililokuwa limeachwa kama ardhi iliyokufa, akaanza na sehemu ndogo hadi ikafika ekari 18.

Nakumbuka sebule ya jirani ilivyobadilika. Kicheko kilipungua, ubishi ukaongezeka. Mama akiongea habari ya mbegu, mama wa kwetu anamjibu, eti kana kwamba atasikika: "Hiyo kwetu haikubali, huku mvua ni nyingi." Ndipo hadhira ilipoacha kuwa watazamaji, ikawa wachangiaji, kama inavyokuwa katika utambaji wenyewe. Televisheni haisikii, najua. Lakini sebule ilisikia. Baadaye, mwaka 2016, Maisha Plus ilifungua mlango kwa vijana wa nchi nyingine za Afrika Mashariki. Lilikuwa badiliko la upana. Lile la 2012 lilikuwa la kina.

Kijiji cha rika

Sasa nirudi Rungwe, maana hapa ndipo swali la Bibi lilipotoka.

Likizo iliyopita nilimkumbusha Bibi habari ya yule binti aliyefukuzwa kwenye televisheni. Alikuwa amesahau. Lakini nilipomwuliza kuhusu vijiji vya vijana wa zamani, akacheka peke yake. Akasema kaka zake walikuwa hawalali nyumbani. Wana vibanda vyao, wao na wa rika lao. Chakula wanafuata nyumbani. "Ila hawaji mmoja," akasema. "Wanakuja kundi zima, wanamaliza ndizi zote, kesho wanakwenda kwa mama wa mwingine. Mama alikuwa anagomba huku anapika."

Jambo hilo limeandikwa pia. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, alichapisha mwaka 1951 kitabu kizima juu ya vijiji vya rika. Wavulana wakifika umri wa miaka kumi hivi walihama nyumba za wazazi, wakajenga pembeni pamoja na wenzao wa umri huo. Waliendelea kuwalimia baba zao, na walikula kwa mama zao kwa zamu, kundi kwa kundi. Walipokua walioa wakabaki pale pale, kile kibanda cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Mara moja katika kila kizazi ilifanyika sherehe, wazee wakawakabidhi vijana uongozi na ardhi, wao wenyewe wakasogea pembeni. Thamani kuu iliyolindwa na umbo hilo ilikuwa na jina, ukwangala, yaani raha ya kukaa vema na wenzako, kula nao, kunywa nao, kuongea nao.

Msomaji ameshaona ninakokwenda. Vijana wa umri mmoja, mbali na wazazi, kwenye kijiji chao, wanaojifunza kuishi pamoja: hilo ndilo umbo la Maisha Plus, na Rungwe ilikuwa nalo. Tofauti iko kwenye kanuni. Kijiji cha rika kilikuwa kinaongezeka, kipindi kinapunguza. Kule mwisho wa mchezo ni kukabidhiwa nchi mkiwa wote. Huku mwisho wa mchezo ni mmoja kubaki peke yake na bahasha. Na tazama nafasi ya mama: kijiji cha rika kisingesimama wiki moja bila vyungu vya akina mama. Kwa hiyo Maisha Plus ilipowaingiza akina mama mwaka 2012 ililikamilisha umbo la zamani, nadhani bila kujua.

Nisije nikaonekana napamba mambo ya kale. Vijiji hivyo vilikuwa vya wavulana. Wasichana hawakuwa na cha kwao. Wengi waliozwa mapema kwa wanaume waliowazidi umri sana. Na kufukuzana kulikuwapo. Aliyetuhumiwa uchawi alilazimika kuhama. Vijiji vyenyewe navyo vilikufa: ardhi ilipungua, watu walipanda mazao ya kudumu ambayo baba hawezi kuyaacha akasogea pembeni, vijana wakaenda kutafuta mishahara migodini. Hakuna anayeweza kuvirudisha, wala mimi sitaki.

Lakini kuna jambo moja la kujifunza, nalo ni kura. Wilson anaeleza imani ya pumzi ya watu. Mtu aliyewakosea jirani zake, akavunja desturi au akawanyima haki yao, alinung'unikiwa, na manung'uniko hayo yaliaminika kumwangukia kama ubaridi akaugua. Hiyo ni kura ya hadhira, tena kali kuliko ya simu. Ila ilikuwa na masharti mawili. Kwanza, lazima uwe umekosa. Pili, lazima pawe na njia ya kurudi: unakiri, unawalisha wenzako, wanaliongea jambo likaisha, unapona. Kura ya simu haina sharti hata moja kati ya hayo. Inamtoa asiyekosa na haimrudishi.

Basi Bibi hakuwa mshamba wa televisheni. Alikuwa anasoma umbo jipya kwa kanuni za umbo alilokulia. "Amekosa nini?" ni swali la mtu anayejua kwamba kumtoa mwenzako kijijini ni jambo zito linalodai sababu. Sisi tuliocheka ndio tulioshindwa kusoma.

Hitimisho

Kutokana na hayo naona kwamba mabadiliko ya umbo si mapambo ya kila msimu. Kila kanuni mpya inamfundisha mtazamaji namna ya kuwatazama wenzake. Big Brother Africa ilianza na subira ya siku 106 ikaishia na mitego. Maisha Plus ilianza na mtihani wa jembe, ikasogea hadi kwa mwenye jembe. Ya pili ilikwenda njia iliyo bora, ingawa haikuthubutu kufika mwisho wake: hata wale mama mashujaa waliingizwa kwenye foleni ya kushindanishwa, atafutwe mmoja wa kupewa taji. Anayelima Rungwe anajua kwamba siku ya kupanda viazi hakuna mshindi. Ama mmemaliza shamba la huyu mkaenda la yule, ama mvua imewakuta.

Wapo watakaonijibu kwamba bila mtu kutolewa hakuna taharuki, na bila taharuki hakuna anayetazama. Nawauliza: ile sebule ya Tukuyu ilikuwa inabishana nini wakati wa mbegu? Hakuna aliyetolewa dakika ile, na hakuna aliyeinuka kwenda kulala. Taharuki ya "itaota au haitaota" ni ya zamani kuliko taharuki ya "nani anatoka".

Nawaomba wenzangu wa fasihi, siku mkitazama kipindi cha namna hii, kiwe cha kuimba, cha kupika au cha kutafuta mchumba, msianze na nani kashinda. Anzeni na yule wa kwanza kufunga mzigo. Ulizeni amekosa nini. Kama kipindi hakina jibu, hapo ndipo uhakiki wenu uanzie.